Rangi Chini ya Bolti

 

Leo nataka kuwaeleza habari ya trekta. Usiseme, "Mimi sina trekta, habari hii hainihusu." Ngoja kidogo. Huenda unayo nyumba, au kwaya, au kamati, ambayo kila kitu ndani yake kimefanywa upya, na bado haitaki kuwaka.

Kwetu ni Osieko, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, pale kinamasi cha Yala kinapokutana na maji ya ziwa. Watu wengi wanajua samaki wetu, omena na mbuta, lakini sisi pia ni wakulima. Udongo wetu ni mweusi na mzito. Wakati wa kiangazi hupasuka kama tofali, na mvua ikinyesha hushika jembe kama gundi. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu nzuri za kulima. Mwenye ng'ombe wa kulimia huziwahi siku hizo. Mjane mwenye jembe la mkono huachwa nyuma, na anayechelewa kupanda huchelewa kula.

Kwa ajili hiyo watu wa kanisa letu walinunua trekta kuukuu. Lilikuwa Massey Ferguson 135, trekta dogo jekundu ambalo wazee wengi wa Kenya walilifahamu walipokuwa vijana. Lilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1960, na injini yake ni Perkins ya dizeli, yenye silinda tatu. Letu lilikuwa limesimama chini ya mwembe miaka mingi, na kuku walikuwa wakitaga mayai juu ya kiti chake.

Tulifanya harambee. Akina mama waliuza omena, vijana walibeba mchanga, na mjane mmoja alileta jogoo, maana hakuwa na fedha. Tukanunua laina, pistoni, ringi, beringi na gasketi. Nozeli tatu zilivushwa kwa mashua hadi Port Victoria, zikapelekwa Busia kupimwa, zikarudi zimefungwa katika kitambaa kama mayai. Kazi ya kuijenga injini tulimpa kijana wa kwetu, aliyejifunza ufundi katika gereji za mjini. Alifanya kazi wiki tatu. Kila nati aliyoifungua aliiweka ndani ya kopo na kuandika juu ya kopo ilikotoka.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya trekta. Jambo hilo msilisahau.

Siku ya Alhamisi kijana akaniambia, "Mzee, injini imefungwa. Nimeizungusha kwa stata, inazunguka vizuri. Mafuta yakifika kesho nitaiwasha niisikilize." Nikamwambia, "Hapana. Itawashwa Jumamosi, mbele ya watu wote." Nilitaka siku kubwa. Nilitaka watu waone kwamba kamati imefanya kazi.

Ijumaa jioni, kijana alipokwenda nyumbani, nilibaki peke yangu na makopo mawili ya rangi nyekundu. Nikalipaka trekta lile kwa upendo. Nilipaka boneti, nikapaka magurudumu, nikapaka hata chini mahali ambapo hakuna anayetazama. Usiku ulipoingia lilikuwa likimetameta kama lililotoka kiwandani.

Jumamosi watu walikuja wengi. Kwaya iliimba. Akina mama waliketi kivulini, na miongoni mwao mama wa yule fundi, amevaa nguo yake ya Jumapili. Kijana alikwishatoa hewa katika mabomba ya dizeli. Akapanda, akaikanyaga klachi, akapiga stata.

Stata ikalia kama mgonjwa anayegeuka kitandani. Nyeee... nyeee... nyeee. Moshi mweupe kidogo ukatoka katika bomba, kisha ukakoma. Akapiga mara ya pili, ikalia polepole zaidi. Mara ya tatu ikanyamaza kabisa. Mtu mmoja akaleta betri ya lori lake, nzima kabisa. Tukaifunga. Nyeee... nyeee... ikawa vilevile.

Kijana akashuka, akanitazama. Aliniuliza kwa heshima, "Mzee, kuna mtu aliyegusa nyaya baada yangu?"

Nikajibu upesi, bila kufikiri, "Hakuna."

Watu walianza kunong'ona. Mmoja akasema injini imebana. Mwingine akasema ringi si zenyewe. Nami, ndugu zangu, niliona aibu yangu inakuja, nikatafuta mahali pa kuitupa. Nikasema kwa sauti, watu wote wakasikia: "Ringi alizoweka huyu si zile tulizonunua. Zetu ameziuza."

Sikuwa na ushahidi wowote. Nilisema tu.

Kijana hakujibu. Aliweka spana chini, akaweka ufunguo juu ya kiti cha trekta, akaenda zake bila kunawa mikono. Mama yake akainuka katikati ya akina mama wenzake, akamfuata. Hakuna aliyemwita arudi.

Ndugu msikilizaji, neno la namna hiyo halikai mahali pamoja. Jumatatu mtu aliyempa pikipiki aitengeneze alikuja kuichukua. Jumanne mwingine akaja kuhesabu spea zake. Siku ya Jumatano nikasikia kwamba kijana amefunga sanduku lake, anataka kuondoka aende mahali ambapo hajulikani. Na mawingu yalikuwa yamekwisha kujaa juu ya ziwa.

Kamati ikaamua kumwita fundi mzee kutoka Malaba. Ninyi mnaojua Malaba mnajua malori yanavyopanga foleni pale mpakani, yakingoja kuingia Uganda. Mtu aliyetengeneza injini za dizeli mahali kama pale kwa miaka mingi amekwisha kuona kila namna ya ugonjwa.

Alifika Alhamisi asubuhi. Tulikuwa tayari kumweleza habari zote za wizi wa ringi. Akainua mkono wake. Akasema, "Sikuuliza ni nani. Naomba kujua ni nini. Niambieni, lini injini hii ilizunguka vizuri mara ya mwisho?"

Mtoto mmoja aliyekuwa akimsaidia kijana kuosha vyuma akasema, "Alhamisi iliyopita. Ilizunguka kama cherehani."

"Na Jumamosi ikazunguka polepole?"

"Ndiyo."

"Basi," mzee akasema, "kati ya Alhamisi na Jumamosi kuna kitu. Ringi ziliwekwa kabla ya Alhamisi. Tutafute kilichofanywa baadaye."

Maneno hayo yalinigusa, lakini nikanyamaza.

Alipokuwa akifanya kazi alitufundisha, maana alikuwa mtu asiyeficha ujuzi wake. Alisema: Gari la petroli lina plagi za kutoa cheche. Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Pistoni hupanda, huibana hewa mpaka inaenea katika nafasi iliyo ndogo mara 15 au zaidi kuliko ile ya kwanza. Hewa inayobanwa hivyo kwa ghafula hupata joto la mamia ya digrii. Hapo pampu husukuma dizeli kupitia nozeli, ikatoka kama ukungu, nayo hushika moto yenyewe kwa joto lile. Kwa hiyo injini ya dizeli ikikataa kuwaka, uliza mambo manne tu. Je, mafuta yanafika? Je, yanafika kwa wakati wake? Je, hewa inabanwa? Je, injini inazungushwa kwa mwendo wa kutosha? Maana ikizungushwa polepole, joto hupotelea katika chuma baridi na hewa huvuja kando ya pistoni, na dizeli inageuka kuwa moshi mweupe tu.

Kisha akasema, "Anza na kilicho karibu. Usifungue kilicho mbali kabla ya kushika kilicho mkononi."

Akaanza. Alitazama koki ya tangi, akaikuta imefunguliwa. Alitazama kitufe cha kuzimia injini, maana kikiachwa kimevutwa hakuna dizeli itakayopita, na wengi wamefungua injini nzima kwa sababu ya kitufe hicho. Kilikuwa mahali pake. Akalegeza skrubu juu ya filta, akapampu kwa mkono kwenye pampu ndogo. Dizeli ikatoka safi, bila mapovu. Hewa kidogo tu ndani ya bomba hutosha kuizuia injini kuwaka, kwa sababu hewa hubanwa na kurudi kama sponji, wala haisukumi nozeli. Akalegeza nati za nozeli, akatuambia tupige stata. Dizeli ikadondoka katika zote tatu. "Mafuta yanafika," akasema. "Hata moshi wenu mweupe ulisema hivyo. Kama moshi usingetoka kabisa, ningetafuta mafuta. Moshi mweupe maana yake mafuta yapo, ila hayaungui."

Kisha akatazama mistari miwili iliyochongwa pale pampu inapofungwa kwenye injini. Mistari hiyo isipokutana, dizeli hufika mapema mno au kwa kuchelewa. Ilikuwa imekutana sawasawa. Akafungua kifuniko cha juu cha injini, akaleta silinda ya kwanza katika mbano wake, akaona valvu zote mbili zimefunga. Akapima nafasi za valvu kwa kibati chembamba. Akatikisa kichwa, nami nikadhani amekuta kosa. Akasema, "Huyu kijana ana mkono mzuri."

Akashika spana ndefu, akaizungusha injini kwa mkono kutoka mbele. Katika mizunguko miwili, spana ilikataa mara tatu, kwa nguvu ileile kila mara. Silinda tatu, mibano mitatu. "Ringi zenu ni nzima," akasema. "Tena ni mpya. Ringi zilizochakaa hazisukumi hivi."

Hakuna mtu aliyesema neno. Nilitazama chini.

"Sasa limebaki la nne," akasema. "Mwendo." Akaniambia mimi nipande nipige stata. Yeye akapita na mkono wake juu ya nyaya nene za betri, akishika kila mahali zinapofungwa. Stata hula mamia ya ampea kwa mara moja, na kizuizi kidogo tu njiani hupoteza nguvu nyingi, na nguvu inayopotea hugeuka kuwa joto. Alishika kichwa cha betri cha kwanza, kikawa baridi. Cha pili, baridi. Waya uendao kwenye stata, baridi. Kisha akafika pale ule waya mwingine wa betri unapofungwa kwa bolti kwenye mwili wa trekta. Mafundi huuita ethi. Akaondoa mkono haraka.

"Shuka, ndugu mzee," akaniambia. "Njoo uweke mkono hapa."

Nikaweka. Palikuwa pa moto kama sufuria.

Akachukua spana, akafungua bolti ile moja. Akainua kichwa cha waya. Chini yake, badala ya chuma cheupe, kulikuwa na rangi nyekundu, imepakwa vizuri, imekauka vizuri.

Ndugu zangu, ni mimi niliyeufungua waya ule Ijumaa jioni. Niliufungua ili nipake rangi hata pale chini, pawe pazuri, kisha nikaurudisha juu ya rangi. Nguvu yote ya betri ilifika pale na kukuta ukuta mwembamba kama karatasi, upite mahali pembamba ambapo bolti ilikuwa imekwangua kidogo. Kijana aliniuliza kama kuna aliyegusa nyaya, nami nikasema hakuna. Kisha nikamwita mwizi.

Fundi mzee hakunikemea. Alitoa kipande cha msasa mfukoni mwake, akanipa. Nikapiga magoti kando ya trekta, nikasugua rangi yangu mpaka chuma kikang'aa. Akaufunga waya. Nikasema, "Sasa tuwashe."

Akasema, "Hapana. Aliyeijenga injini hii yuko wapi? Haiwashwi bila yeye."

Nikamweleza kwamba mvua iko karibu, kwamba watu wanangoja, kwamba kijana tutamwona baadaye. Akaketi juu ya tofali, akaanza kufuta spana zake moja moja. Akasema, "Nilikuja kutengeneza kilichoharibika. Kilichoharibika hapa si waya peke yake."

Basi nikaenda kwa miguu. Nyumba yao haiko mbali, lakini njia siku hiyo ilikuwa ndefu. Nilimkuta mama yake akianika omena. Hakunikaribisha kiti. Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Kosa lilikuwa langu. Rangi niliyopaka ndiyo iliyozuia." Akaendelea kutandaza samaki. Kisha akasema bila kunitazama, "Mzee, ulimwita mwanangu mwizi mbele ya watu wote. Msamaha unakuja kuuomba hapa uani, mbele ya kuku?"

Sikuwa na jibu. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, na sanduku lake lilikuwa nyuma yake, limefungwa kwa kamba. Nikamwambia, "Mwanangu, nisubiri mpaka Jumapili."

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Ijumaa. Wengine walikasirika kwamba trekta halijawashwa, wakasema fundi mzee ni mkaidi. Naye hakuondoka, alilala kwa mmoja wetu, akangoja. Jumapili, baada ya matangazo, niliomba nafasi. Nilisimama mahali nilipozoea kusimama kusoma taarifa za kamati, nikaeleza kila kitu: makopo mawili ya rangi, waya, swali nililoulizwa, jibu nililotoa, na neno nililosema. Nikasema, "Kijana huyu hakuiba kitu. Mimi ndiye niliyeiba, niliiba jina lake." Kisha nikashuka, nikaenda mpaka benchi lake, nikampa mkono. Alichelewa kidogo kuupokea. Lakini aliupokea.

Jumatatu alfajiri akapanda juu ya trekta. Kabla ya kupiga stata alipima tena oili na maji, kama fundi anavyopaswa. Kisha akapiga. Stata ikazunguka upesi, moshi mweupe ukaruka, injini ikakohoa mara moja, mara mbili, ikashika. Moshi ukasafika. Tulipiga kelele, lakini yeye alikuwa akitazama saa ya oili tu. Aliiacha ipate moto, akaizima, akakaza tena bolti za kichwa cha injini kama inavyotakiwa kwa injini iliyojengwa upya, akapima tena valvu. Saa tatu trekta lilikuwa shambani, na shamba la kwanza kulimwa lilikuwa la yule mjane aliyetoa jogoo.

Wapendwa, nimejifunza mambo matatu kwa bolti ile moja.

La kwanza: uliza kilichofanywa mwisho, na uulize mkono wako mwenyewe kwanza. Nyumba ilikuwa na amani, leo haina. Usikimbilie kufungua moyo wa mke wako, au wa mtoto wako, kutafuta ringi mbovu ndani yake. Uliza, ni nini kilichotokea kati ya Alhamisi na Jumamosi? Mimi nilisema nini? Nilisahau nini? Katika Mathayo sura ya 7 Bwana wetu anamfundisha mtu aangalie kwanza kilichomo ndani ya jicho lake mwenyewe, kisha ndipo ataweza kumsaidia jirani. Fundi wa Malaba aliyafanya hayo kwa spana: alianza na kilicho karibu.

La pili: shika mahali penye moto. Palipo na joto lisilo la kawaida, hapo nguvu inazuiwa. Katika kila ukoo, katika kila kanisa, kuna mahali pa namna hiyo: jina ambalo likitajwa watu hunyamaza, kiti ambacho mtu hakikalii tena. Sisi hupenda kuondoa mkono na kusema, "Tusipaguse." Lakini ni pale pale pa kufungua bolti. Na mara nyingi tutakachokikuta chini yake hakitakuwa kitu kiovu cha kutisha. Kitakuwa rangi. Kitakuwa ule uzuri tulioutaka watu wauone. Kupaka rangi si dhambi. Lakini kuna mahali pawili pawili ambapo chuma lazima kiguse chuma, na mtu lazima akutane na mtu bila kitu katikati.

La tatu: usiwashe injini kabla ya kumrudisha mtu. Bwana wetu alifundisha, katika Mathayo sura ya 5, kwamba mwenye kuleta sadaka akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende apatane kwanza. Tulikuwa na haraka ya mvua. Tulipoteza siku nne. Siku hizo nne hazikutuua njaa. Lakini kama tungeiwasha injini Alhamisi ile, kijana angeondoka, na kila siku trekta lingenguruma juu ya jina lake.

Baadaye nilisoma habari za mji wa Coventry, Uingereza, ambako trekta letu lilitengenezwa. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ndege za Ujerumani ziliupiga mji ule kwa mabomu, na kanisa lake kuu likateketea, zikabaki kuta. Mkuu wa kanisa hilo, Richard Howard, hakuhubiri kisasi. Sikukuu ya Krismasi mwaka uleule alizungumza redioni kutoka katika magofu, akawaita watu waazimie kujenga ulimwengu ulio mpole zaidi baada ya vita. Tena akaagiza maneno ya kumwomba Baba asamehe yaandikwe ukutani nyuma ya madhabahu. Hakuandika "uwasamehe hao". Aliomba msamaha tu, ili kila asomaye ajione ndani yake, rafiki na adui. Kanisa jipya liliwekwa wakfu kando ya yale magofu mwaka wa 1962.

Na katika mji huohuo, mahali paitwapo Banner Lane, palikuwa na kiwanda kilichotengeneza injini za ndege za kivita. Vita vilipokwisha, kuanzia mwaka wa 1946, kiwanda kile kikaanza kutengeneza matrekta. Nabii Isaya, katika sura ya 2, aliona siku ambayo vyuma vya vita vitageuzwa kuwa vyombo vya kulimia. Kutoka katika kiwanda hicho, miaka ya baadaye, ndiko lilikotoka trekta lililosimama kwetu chini ya mwembe. Watu wale walikuwa wamepoteza mji. Mimi nilikuwa nimepoteza heshima ya asubuhi moja tu, na ilinishinda kusema "ni mimi".

Yule kijana bado ni fundi wetu. Sanduku lilifunguliwa. Trekta lina mikwaruzo sasa, na rangi yangu imeanza kubanduka. Sijaipaka tena. Lakini kila mwaka kabla ya masika kijana hufungua bolti ile moja, hunipa msasa, nami hupiga magoti na kusugua. Hasemi kitu, wala mimi sisemi.

Ndugu msikilizaji, wiki hii kuna mtu unayepaswa kwenda kwake. Unamjua. Huenda njia ni fupi, lakini itakuwa ndefu. Kama ulimkosea mbele ya watu, usiende kuyamaliza uani. Nenda kabla ya mvua.

Tuombe. Ee Mungu, wewe unayetuchunguza na kutujua, utuonyeshe mahali penye moto ndani yetu. Utupe ujasiri wa kufungua tulichokifunga wenyewe. Uwarudishie majina yao wale tuliowanyang'anya. Na utufundishe kusema, "Ni mimi," kabla hatujamnyoshea mwingine kidole. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.